Vipele vya Ndevu: Mwongozo kwa Wanaotakiwa Kunyoa Kazini

Mwongozo huu ni kwa mfanyakazi ambaye kazi yake inamtaka awe na uso ulionyolewa: askari, mlinzi wa kampuni binafsi, mhudumu wa hoteli, karani wa benki, mpishi, dereva wa basi, muuguzi. Unawahusu pia vinyozi wanaomnyoa na wasimamizi wanaomkagua kabla ya zamu. Lengo lake ni kumwezesha afike kazini akiwa nadhifu bila kuumiza ngozi yake kila mara.

Jambo la msingi lisemwe mapema. Vipele vinavyotoka kidevuni na shingoni siku chache baada ya kunyoa havitokani na uchafu, wala haviambukizi. Vinatokana na kunyoa chini mno. Kadiri wembe unavyokwangua karibu na ngozi, ndivyo vipele vinavyozidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba haimo kwenye chupa wala kopo. Ni kukubali ndevu zibaki na urefu kidogo, hata milimita moja tu.

1. Kinachotokea kwenye ngozi

Unywele wa kipilipili hauoti ukiwa umenyooka. Tundu lake lenyewe limepinda ndani ya ngozi, na unywele ukishatoka huendelea kujikunja. Ukikatwa kwa wembe, ncha yake hubaki imechongoka kwa mshazari kama kalamu ya mwanzi. Ncha hiyo huumiza ngozi kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: unywele hutoka nje, hukua milimita moja au mbili, kisha hujipinda na kuchoma ngozi pembeni mwa tundu lake.

Njia ya pili: unywele haufiki hata nje. Hilo hutokea ngozi inapovutwa wakati wa kunyoa, au panapotumika wembe wenye makali mawili na zaidi. Makali ya kwanza huuvuta unywele, yanayofuata huukata, halafu kisiki chake hurudi chini ya ngozi na kutoboa ukuta wa tundu humo humo ndani. Nyembe hizo husifiwa kwa kulainisha uso, na kwa mwenye vipele, huko kulainisha ndiko kunakomponza.

Mwili huuchukulia unywele uliozama kuwa kitu kigeni na kuanza kupambana nao. Panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha. Kipele kikipona huacha doa jeusi, na kwa baadhi ya watu huacha kovu lililoinuka.

Kwa kuwa chanzo ni unywele wa kipilipili, tatizo hili huwaandama zaidi watu Weusi. Makadirio ya tafiti za wanaume Weusi nchini Marekani, wakiwemo wanajeshi, ni kwamba kati ya asilimia 45 na 83 wanalo. Urithi nao una nafasi yake: mabadiliko katika jeni moja inayohusika na keratini, protini inayojenga unywele, huongeza uwezekano wa kupata vipele. Wanawake wanaoota ndevu kidevuni hupata tatizo hilo hilo, na yeyote anayenyoa kwapa au kinena anaweza kulipata huko pia.

2. Hakikisha ni vipele vya ndevu

Kabla ya kununua chochote, simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha na uangalie vizuri.

*Vipele vya ndevu* hukaa pale tu panaponyolewa, hasa shingoni na chini ya taya. Ukitazama kwa makini, katika baadhi yake utaona kiduara cheusi: ni unywele uliozama ncha zote mbili.

*Chunusi* hutokea hata pasipo na ndevu, kama puani, kwenye paji la uso na mgongoni. Mara nyingi huambatana na vidoa vidogo vyeusi vya mafuta yaliyoziba.

*Fangasi wa ndevu* hufanya mabaka yenye magamba, mara nyingi upande mmoja wa uso, na nywele za hapo hung'oka kirahisi. Wanahitaji vidonge, na krimu ya steroidi huwaficha huku wakiendelea kuenea.

*Maambukizi ya bakteria* huleta vichwa vya usaha kwenye matundu mengi kwa pamoja, maumivu na joto. Yanaweza kuanza juu ya vipele vya ndevu vilivyokwanguliwa.

*Uvimbe mgumu wa kisogoni* unaowapata watu wanaonyoa kichwa ni tatizo jingine. Ukiachwa huwa kovu kubwa, kwa hiyo usisubiri; nenda hospitali mapema.

3. Pumzisha ngozi kwanza

Ukinyoa juu ya vipele vibichi unavikata vichwa na kutengeneza ncha kali nyingine. Hatua ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa wiki nne, au zaidi ikiwa hali ni mbaya.

Muda huo una hesabu yake. Ndevu hukua takriban milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, hivyo baada ya wiki nne hukaribia sentimita moja. Zikifika urefu huo, mvutano wa unywele wenyewe hutosha kuifyatua ncha iliyozama na kuitoa nje. Tahadhari: katika wiki ya kwanza vipele vinaweza kuonekana vimeongezeka. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia wembe, wakaanza upya.

Katika kipindi hicho:

a) Mara mbili au tatu kwa siku, chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, kikamue, kisha kiweke juu ya vipele kwa dakika 10. Hulainisha ngozi na kupunguza mwasho.

b) Kila jioni, baada ya kuosha uso, sugua taratibu kwa mduara ukitumia mswaki laini wa mtoto uliotengwa kwa kazi hiyo. Husaidia kuzinasua ncha ambazo hazijazama sana. Usisugue hadi ngozi ichubuke.

c) Ukiona kiduara cha unywele juu ya ngozi, ingiza ncha ya sindano iliyofutwa kwa spiriti chini ya kiduara hicho na uinue ncha iliyozama. Ikishatoka, iache. Usiung'oe unywele, kwa sababu utakaoota badala yake utaanzia chini ya ngozi na unaweza kuzama tena kabla ya kufika nje. Usichimbue unywele usioonekana.

Anayeshindwa kabisa kupata wiki nne, basi asiguse wembe. Apunguze kwa mashine yenye kitana, kama ilivyoelezwa hapa chini.

4. Namna tatu za kupunguza ndevu

*Mashine ya kunyolea.* Hili ndilo chaguo bora kwa mwenye vipele. Kitana namba 1 katika mashine nyingi huacha takriban milimita 3, na kile cha nusu huacha takriban milimita 1.5. Mtu akikutazama kwa hatua mbili tatu, ndevu za urefu huo zinaonekana ni uso safi tu. Usiibane mashine hadi makali yake yalingane sawasawa, kwa sababu ikikata kama wembe, italeta yale yale ya wembe. Usiikandamize kwenye ngozi. Mashine inayoacha milimita moja au zaidi inaweza kutumika hata kila siku.

*Wembe.* Ukilazimika kuutumia, tumia wenye makali mamoja na ufuate utaratibu huu:

1. Jua ndevu zako zinalala upande gani. Acha siku mbili bila kunyoa, kisha pitisha vidole. Upande ambao vidole vinateleza ndiko ndevu zinakolala. Upande unaokwaruza ni kinyume chake. Fanya hivyo shavuni, kidevuni na kila upande wa shingo, kwa kuwa shingoni ndevu za watu wengi hulala kuelekea pembeni, na nyingine hata kupanda juu. Anayenyoa kutoka juu kwenda chini kwa mazoea anaweza kuwa ananyoa kinyume bila kujua.

2. Osha uso kwa sabuni isiyo kali na maji ya uvuguvugu. Kunyoa mara baada ya kuoga ni bora zaidi, kwa sababu unywele uliolowa hulainika.

3. Paka povu au jeli ya kunyolea, uiache dakika mbili hadi tano.

4. Nyoa kwa mikato mifupi, ukifuata ndevu zinakolala. Usivute ngozi kwa mkono wa pili wala usijaze hewa shavuni.

5. Suuza wembe kwa maji kila baada ya mkato mmoja au miwili.

6. Pita mara moja tu. Pakibaki vijisiki, viache. Kupita mara ya pili ili pawe laini ndiko kunakokata chini ya ngozi.

7. Suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusagusa taulo, kisha paka losheni isiyo na manukato wala spiriti.

Nyoa kila baada ya siku mbili au tatu ikiwa kazi inaruhusu, na ubadilishe wembe mara unapoanza kukwaruza. Wembe butu humlazimisha mtu akandamize.

*Unga au krimu ya kuondoa nywele.* Dawa hizi, zenye bariamu salfaidi au kalsiamu thayoglaikoleti, huuyeyusha unywele badala ya kuukata, hivyo ncha hubaki butu na haichomi kwa urahisi. Unga hutambulika kwa harufu yake ya mayai viza. Ni dawa kali. Jaribu kwanza nyuma ya sikio au kwenye kipande kidogo cha shingo na usubiri saa 24. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo kwa saa mkononi, si kwa kukadiria. Ondoa kwa kijiko butu au kitambaa chenye maji, suuza sana, wala usipitishe wembe baada yake. Usipake penye kidonda, na acha siku mbili au tatu kabla ya kurudia.

5. Ukiwa kwa kinyozi

Katika saluni nyingi kazi huenda hivi: mashine hupitishwa kutoka shingoni kwenda juu, kinyume cha ndevu, hadi pawe peupe. Kisha hutolewa wembe wa kuchongea mstari, ngozi ikavutwa kwa kidole gumba. Mwisho pamba yenye spiriti hupigwapigwa shingo nzima na mteja akang'ata meno. Katika hatua hizo tatu, kila moja inachangia vipele.

Sema kabla mashine haijawashwa: "Kaka, usinipitishie wembe. Tumia kitana, unaponyoa shingo fuata ndevu zinavyolala, na spiriti usinipake." Kinyozi mzuri hatachukia. Anayehitaji mstari achongewe kwa ncha ya mashine, juu ya ngozi isiyovutwa.

Usafi wa vifaa ni suala la pili, lakini ni zito. Vipele havitokani na uchafu, ila ngozi yenye vipele hutoka damu kirahisi, na penye damu pana hatari ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, pamoja na VVU na vimelea wengine. Kwa hiyo:

a) Wembe utolewe kwenye karatasi yake mbele yako, na utupwe baada yako.

b) Mashine ipigwe brashi kwanza ili nywele zitoke, ndipo makali yafutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke. Spiriti ni ya mashine, si ya shingo yako.

c) Vitana vya plastiki viloweshwe dakika 10 kwenye jiki ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, kisha visuuzwe. Makali ya chuma yasiloweshwe humo, yatashika kutu.

d) Kisanduku chenye taa ya bluu hakisafishi mashine iliyojaa nywele na mafuta. Mwanga hauui kilichofichwa nyuma ya uchafu.

Mfanyakazi anayenyolewa kila wiki afikirie kununua mashine yake. Ataitumia nyumbani, au atakwenda nayo kwa kinyozi.

6. Dawa za kupaka

Dawa husaidia ngozi ipone haraka, lakini anayeendelea kukwangua kwa wembe huku akipaka dawa anajaza maji kwenye gunia. Muulize mfamasia au mhudumu wa duka la dawa muhimu kuhusu hizi:

*Haidrokotizoni asilimia 1.* Hupunguza uvimbe na mwasho. Paka kidogo mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache, isizidi wiki moja bila ushauri wa daktari.

*Benzoili peroksaidi asilimia 2.5 hadi 5.* Hupunguza bakteria na vipele vyenye usaha. Huchujua rangi ya nguo, hivyo subiri ikauke kabla ya kuvaa sare, na tumia taulo na foronya nyeupe. Daktari anaweza kuiambatanisha na klindamaisini ya kupaka.

*Asidi ya glaikoliki au asidi ya salisiliki.* Huondoa tabaka la juu la ngozi iliyokufa ili unywele upate njia. Anza kwa siku mbili tatu kwa wiki.

*Adapalini au tretinoini.* Hupakwa usiku, kiasi kidogo, na matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa. Huifanya ngozi iumie kirahisi juani. Mjamzito asizitumie.

Madoa meusi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, ilimradi vipele vipya visitokee. Mlinzi, trafiki na yeyote anayeshinda juani apake losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, maana jua hulikoleza doa.

Kwa vipele sugu ipo leza, inayopunguza unywele kwenye mzizi. Ngozi nyeusi inahitaji aina ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064. Aina nyingine zinaweza kuunguza na kuacha mabaka. Tiba hiyo inahitaji kurudiwa mara kadhaa na ni ghali. Uliza aina ya mashine kabla ya kulipa.

7. Yasiyofaa

- *Mkorogo na krimu za kung'arisha.* Nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Hukondesha ngozi, na mwisho wake doa huwa baya kuliko lilivyoanza.
- *Krimu za mchanganyiko* zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Siku tatu za mwanzo utafurahi. Ukiacha, vipele hurudi kwa kishindo.
- *Limau na ndimu.* Maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha weusi.
- *Dawa ya meno, majivu, jiki na spiriti.* Huchubua ngozi ambayo tayari ina majeraha.
- *Kuminya.* Husukuma unywele na usaha ndani zaidi, na hapo ndipo makovu yanapoanzia.

Mshubiri hutuliza mwasho kwa baadhi ya watu, na hauna ubaya ikiwa haukuwashi. Ila hauwezi kuutoa unywele uliozama.

8. Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri ukiona jipu, homa, mitoki shingoni, uwekundu au joto linaloenea, makovu yanayoinuka na kukua, au vipele visivyopungua baada ya wiki sita za kufuata mwongozo huu. Mwenye kisukari au anayeishi na VVU aende mapema zaidi, kwa kuwa maambukizi ya ngozi huweza kumsumbua kwa muda mrefu.

Si lazima uanze kwa daktari bingwa. Kituo cha afya kinaweza kutambua tatizo hili na kukuandikia cheti. Penye utata utapewa rufaa. Nchini Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990.

9. Kuzungumza na mwajiri

Kanuni nyingi za kazi hulenga unadhifu, na ndevu za milimita tatu zilizopunguzwa sawasawa ni nadhifu kuliko shingo yenye usaha na damu kwenye kola. Msimamizi azingatie kwamba sharti la kukwangua, ingawa limeandikwa kwa wote, haliwaumizi wote sawa. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliona hivyo katika kesi ya dereva Mweusi wa kusambaza piza aliyekuwa na vipele hivi: sharti la kutofuga ndevu kabisa liliwabagua wanaume Weusi, ingawa halikuwataja.

Zipo kazi ambazo uso laini ni suala la usalama. Barakoa za kubana, kama zile za wodi za kifua kikuu, migodini au kwenye upakaji rangi, hazizibi vizuri juu ya ndevu, hata za siku moja. Hapo ndevu zinyolewe pale tu ukingo wa barakoa unapokaa, na za ndani zibaki. Katika zile wiki nne za kupumzisha ngozi, mfanyakazi apangiwe kazi isiyohitaji barakoa hiyo au apewe kifuniko cha kichwa chenye kipulizio cha hewa safi.

Ombi lipelekwe kwa maandishi, likiambatana na cheti. Mfano:

*YAH: OMBI LA KUPUNGUZA NDEVU KWA MASHINE BADALA YA WEMBE*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku. Nimepimwa katika kituo cha afya na kubainika kuwa na vipele vitokanavyo na ndevu kuzama ndani ya ngozi. Nimeshauriwa kutonyoa kwa wiki nne, kisha kupunguza ndevu kwa mashine zisizidi milimita tatu. Naomba ruhusa ya kufuata ushauri huo kwa miezi mitatu kuanzia tarehe ya barua hii. Nitahakikisha ndevu zangu zinakuwa safi na zilizopunguzwa sawasawa wakati wote niwapo kazini. Nakala ya cheti imeambatishwa. Natanguliza shukrani.*

Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Piga picha ya shingo yako siku ya kwanza na nyingine miezi mitatu ikiisha, kisha ziambatishe kwenye ombi la kuongezewa muda. Msimamizi akiziona zote mbili atakuwa na sababu ya kukuongezea.